Mzoga Umefukiwa Mbele Yangu

Wanangu, mlikuja watatu kwa pikipiki mbili, mkakaa barazani kwangu, mkanywa chai yangu, mkasema: "Mzee, ndio kwanza tumeajiriwa idara ya mifugo. Tuandikie mambo ya kimeta, yale ambayo chuoni hawakutuambia." Nikakubali. Sasa nimeandika, na najua hamtayapenda. Mlitaka vichekesho vya mzee mstaafu. Vipo, nitavitia humo humo. Lakini msitegemee mzee mwenye raha, kwa sababu kazi hii haikuniacha nayo.

Nianze na ile fomu ya kufukia mzoga. Mnaijua. Chini kabisa, juu ya mahali pa saini, pameandikwa: "Mzoga umefukiwa mbele yangu." Maneno manne tu. Mawili ya mwisho yalimuua mtu aliyenifundisha kazi. Tena yalimchafulia jina mwanamke mmoja wa Nkunga, Atupele, mke wa mwanangu Lusekelo. Mpaka leo akipita sokoni wapo wanaonong'ona, "Huyo ndiye aliyemkabili baba mkwe wake uso kwa uso, hana adabu huyo." Mwenye kosa ni mimi, aliyebeba aibu ni yeye. Naandika ili jina lake lirudi mahali pake. Nasaha zenu mtaziokota humo njiani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbonile, mtu wa Ikuti. Mfupi, hasira karibu na kicheko karibu vilevile. Cheti hakuwa nacho. Aliingia idarani kama mbeba chanjo, kazi yake kupanda na kushuka milima hii na boksi la barafu mgongoni, na baada ya miaka akawa anawajua ng'ombe kuliko sisi tuliotoka chuoni na koti jeupe na kalamu tatu mfukoni. Nikakabidhiwa kwake. Wiki ile ile ya kwanza tukaitwa kwa ng'ombe aliyekufa ghafla. Mimi nikataka kumwonyesha mzee kwamba nimesoma. Nikachomoa kisu, nikainama nipasue tumbo nimwonyeshe wengu. Loo! Nilikula kibao cha mgongo nikaenda kuangukia migomba, kisu huko, kalamu huko.

"Wewe!" alifoka. "Unamfungulia mlango nani?"

Nilikasirika. Baadaye, huku akinisugua mikono kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikaniwaka, akanieleza. Mdudu wa kimeta ukimwacha ndani ya mzoga uliofungwa, uozo wenyewe unammaliza. Ukimpasulia akapata hewa, anajivika ganda, na akishavaa ganda hilo atalala kwenye udongo miaka mingi kuliko umri wenu, akingoja ng'ombe mwingine aje kula majani hapo. Mvua haimwoshi, jua halimtishi. Kwa wiki nzima baada ya siku ile, kila asubuhi Mzee Mbonile alishika mikono yangu akaigeuza geuza, akitafuta kipele. Aliniambia nitafute kipele kinachowasha, kisha kinatoa malengelenge, kisha katikati panakuwa peusi, pembeni panavimba, na ajabu yake hakiumi. "Kidonda kinachouma kinakuambia ukimbilie dawa," alisema. "Hiki kinakubembeleza ukae nyumbani." Bahati yangu hakikutoka.

Mzoga, alisema, usiuulize kwa kisu, uulize kwa macho. Damu nyeusi puani isiyoganda. Tumbo limejaa kabla ya wakati wake. Miguu haikakamai. Ukiona hayo, chukua tone moja la damu sikioni kwa ajili ya hadubini, ziba tundu, basi, usiguse kingine. Shimo lipite kimo cha mtu mrefu, mbali na kijito. Chokaa chini, mzoga mzima na ngozi yake, na majani aliyolalia, na udongo ulionywa damu, chokaa tena, mawe, ndipo udongo. Ng'ombe waliobaki wachanjwe wote, na mtu yeyote aliyeshika mzoga apelekwe zahanati. Na wewe usibanduke hapo mpaka shimo lijae.

"Kwenye fomu," alikuwa akisema kila nikishika kalamu, "andika lililoingia jichoni. Lililoingia sikioni kapige nalo soga."

Sasa kichekesho chenu hiki hapa. Kuna wakati nilikwenda kijiji kimoja upande wa Kisiba, ng'ombe kafa, dalili zote zipo. Nikawahutubia watu mpaka koo likakauka: nyama hii msile, msile, jamani msile. Wakaitikia kama wako kanisani. Nikaenda kutafuta chokaa. Niliporudi, mzoga haupo. Nikauliza nyama iko wapi. Mzee mmoja, mtaratibu kabisa, akanijibu: "Hatukula, Bwana Mifugo. Sisi tunasikia. Tumeuza." Mzee Mbonile aliposikia alicheka akakaa chini. Kisha kicheko kikamwisha, tukatembea kijiji cha jirani nyumba kwa nyumba, tukichungulia kwenye vyungu vya watu mpaka giza likatukuta. Tangu siku hiyo nilijifunza kutaja kila kitu kwa jina: msile, msiuze, msigawe, msichune, msiguse, mbwa msimpe.

Mtu aliyenipa raha katika kazi hii alikuwa Rajabu, mwenye bucha pale Tukuyu mjini. Watu walimpelekea paja la mnyama aliyejifia, limefunikwa majani ya mgomba vizuri. Rajabu anauliza swali moja: "Kachinjwa na nani?" Mtu akigugumia tu, ametimuliwa. "Kibudu hakiingii hapa!" Hakuhitaji hadubini. Kwake ni haramu, maneno yamekwisha, wakati sisi Wakristo tulikuwa bado tunafanya kikao na mzoga. Nilimwambia siku moja kwamba laiti kila mtu Rungwe angekuwa na mwiko kama wake, mimi ningelala mchana. Alicheka akanikatia maini.

Lakini mwiko nao una meno mawili, na mwingine uliniuma mimi.

Mzee Mbonile alikuwa amestaafu, mimi nimeachiwa kata peke yangu, nilipoitwa Nkunga kwa Mzee Gwakisa. Gwakisa ndiye baba yake Atupele, kwa hiyo ni mkwe wangu. Na yule ng'ombe aliyekufa alizaliwa na ng'ombe niliyempelekea mwenyewe kwa mahari. Nilimkuta kalala ubavu nyuma ya zizi, damu nyeusi puani, tumbo ngoma. Sikuhitaji kuuliza mara mbili. Nikataja orodha yangu yote, msile msiuze msigawe, na mkwe wangu akawa anaitikia tu. Ilipofika kwenye ngozi akanisogelea. Ulimi wake ulikuwa wa Kinyakyusa kweli kweli, herufi ya zedi haikupita humo.

"Mkwe, nyama tumekuachia. Lakini ngosi? Ngosi hailiwi."

"Ngozi inaingia naye shimoni."

"Mvua zote hizi, mkwe, na mimi sina hata ya kulalia."

"Mzee, nimesema inaingia naye."

"Ndaga fijo, mkwe. Umesema."

Alikubali upesi mno. Ningekuwa na akili siku ile, shukrani ile ingenishtua. Vijana wakachimba, mimi nimesimama ukingoni kama nilivyofundishwa. Shimo likafika kina. Wakaanza kumvuta mzoga kwa kamba. Na hapo hapo Gwakisa akaita kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: "Atupele! Leta maji!"

Mkamwana wangu alikuwa amekuja kumsalimia mama yake tangu juzi. Sasa nyinyi vijana wa siku hizi mnakaa kochi moja na wakwe zenu mnaangalia mpira, kwa hiyo nieleze. Kwetu, wale wanaoishika mila, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Mwanamke akisikia kikohozi cha baba mkwe anaingia migombani mpaka apite. Ni heshima, nami nimelelewa nayo, sikuwahi kuiona kuwa mzigo. Kwa kawaida anayekimbia ni mwanamke. Lakini njia ya kufika pale shimoni ilikuwa moja tu, kushoto korongo, kulia zizi, na Atupele anakuja na ndoo ya maji kichwani. Angekimbilia wapi? Muungwana akiona hivyo anageuka yeye. Nikageuka. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikakaa kwenye kigoda, mgongo wangu ukaelekea shimoni.

Mkwe akaja kukaa nami. Akaniletea ndizi na maziwa ya mgando. Akanisimulia habari za kwaya. Kila nikitaka kuinuka nasikia, "Atupele! Chokaa!" Narudi kukaa. "Atupele! Maji tena!" Narudi kukaa. Ndizi zilikuwa tamu, siwafichi. Nilipoambiwa njia ni nyeupe, shimo lilikuwa limejaa, mawe juu, vijana wananawa.

"Na ngozi?" niliuliza.

"Imelala na mwenyewe, mkwe."

Mvua ilikuwa inaanza. Nikaweka fomu kwenye goti, nikasaini. Mbele yangu. Nilipanda pikipiki nikiwa nimeridhika, na nililala vizuri usiku huo, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nimekwisha kuwaambia Mzee Mbonile alikuwa amestaafu. Kustaafu kwake hakukuwa kuota jua. Alichonga ngoma. Ngoma za misiba, ngoma za kwaya, watu walimfuata kutoka mbali kwa sababu ngoma yake ikipigwa Ikuti inasikika bondeni kote. Ngozi alinunua kwa yeyote mwenye ngozi, ila aliuliza swali la Rajabu: kachinjwa na nani?

Kama wiki mbili baada ya siku ile ya Nkunga, mke wake alinipigia simu. "Mzee wako anakutaka." Nikaenda. Nilimkuta kakaa jikoni, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua na baridi, ngozi imewambwa ukutani, nusu imekwisha kunyolewa manyoya kwa kipande cha chupa, vumbi la manyoya limetanda mpaka kwenye vyungu. Akakunja mkono wa shati. Kwenye kigasha palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha koti. Katikati peusi. Pembeni pamevimba.

"Kinauma?" niliuliza.

"Hakiumi," alisema, akanitazama sana. Wote wawili tulijua tunazungumzia nini.

Akaniambia ngozi ile aliletewa na kijana aliyesema ng'ombe kachinjwa kwa ajili ya msiba. Lakini kijana mwenyewe ni wa Nkunga, na habari za ng'ombe wa Gwakisa zilikuwa zimefika Ikuti. "Nijibu jambo moja tu," akasema. "Yule ng'ombe aliingia shimoni na ngozi yake? Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mzee. Nimesaini na fomu."

"Sikuulizi fomu, kijana. Nakuuliza macho yako."

Wanangu, hapa ndipo kila kitu kilipokuwa. Ningeweza kusema: Mzee, nilikuwa nyuma ya jiko nakula ndizi. Maneno machache tu. Tungetoka mbio, angechomwa sindano mchana ule ule. Lakini aliyekuwa ananiuliza ndiye aliyenipiga kibao migombani, na mimi nilikuwa mtu mzima, bwana mifugo mwenye mhuri, nikaona haya. Nikasema, "Kwa macho yangu, Mzee."

Akashusha pumzi. Akacheka! "Basi ni jipu la uzee hili. Nilianza kukushuku bure, nisamehe." Akaniomba msamaha mimi. Akamwambia mkewe atukaangie mahindi. Tulikula, tukaongea habari za zamani, nikamwona anakohoa kidogo, akasema ni vumbi la manyoya. Mtaniuliza: hukujua? Kidonda ukakiona, kikohozi ukakisikia, hukujua? Nilijua. Nilijiambia sijui, nikajiambia hivyo njia nzima mpaka kwangu Tukuyu.

Asubuhi yake nilikuwa uani natengeneza mnyororo wa pikipiki. Mke wangu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na Lusekelo alikuwa Kyela kwa shughuli zake, simu haipatikani. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya migomba. Kikohozi cha mwanamke anayetaka nijue yupo. Nikajua ni mkamwana, nikageuka kama ilivyo desturi, nikangoja apite. Hakupita. Akasema.

"Baba, ngozi waliichuna."

Sikuwahi kusikia sauti yake imenielekea mimi. Ilikuwa inatetemeka.

"Niliona. Kila nilipoitwa na maji walikuwa wanachuna. Baba yangu alikuwa ananiita ili wewe ugeuke. Akaniapisha nisiseme. Nilimtafuta Lusekelo simu haishiki, na wewe sina wa kunisemea kwako. Jana nimesikia Mzee Mbonile mkono umevimba. Baba, ngozi iko kwake."

Mnajua nilifanya nini? Nilikasirika. Thubutu, mtoto wa watu kunisemesha! Nikafoka nikiwa nimempa mgongo: "Nani anaongea hapo? Umekosa adabu wewe!" Majirani wakachungulia juu ya uzio.

Ndipo Atupele akatoka migombani, akazunguka, akaja akasimama mbele yangu. Kanga ilimwanguka kichwani hakuiokota. Nikafunika macho kwa kofia. "Nitazame, Baba," akasema. "Mtu anakufa. Nitazame!" Majirani wakapiga ukelele. Akainyakua ile kofia mkononi mwangu akaitupa chini, nikamwona uso, machozi mpaka shingoni. Alikuwa amekuja mbio kutoka Nkunga kwa mama yake, na hana viatu.

Nilifika Ikuti nikamkuta Mzee Mbonile hawezi kuinuka. Mkono umevimba mpaka begani, pumzi inakwama. Tulipata gari dogo la kubebea majani ya chai, tukamlaza nyuma, mimi nimekaa naye, kichwa chake mapajani mwangu. Barabara mbovu, anaruka ruka, na kila akiruka anaguna. Nikaona nisipomwambia sasa sitamwambia tena.

"Mzee, sikuwepo. Niligeuka. Sikuona ngozi ikiingia."

Kisha akasema, pole pole kwa sababu ya pumzi, "Umechelewa kuripoti, kijana." Akageuza uso wake ukaelekea ubao wa gari. Hakunisemesha tena.

Hospitalini daktari alimpima, akasikiliza kifua, akauliza kidonda kimeonekana lini, nani amekiona. Nikamwambia nilikiona mimi, jana. "Wewe ni mtu wa mifugo, umekiona jana ukamwacha?" akasema. "Mngemleta jana." Hakuapa kwamba jana ingetosha, kwa sababu kifua kilikuwa kimeshaingiwa. Lakini wale vijana wawili waliochuna pale Nkunga niliwasomba siku hiyo hiyo nikawapeleka zahanati, na mmoja alikuwa na kidonda cheusi kidoleni, wakamwanzishia dawa, kikapona. Yupo, ana watoto. Mzee Mbonile alikufa kesho yake kabla ya jua kuzama.

Nilirudi Ikuti na vijana wa afya. Tulichoma ngozi, manyoya, kipande cha chupa, na mzinga wa ngoma aliokuwa ameshauchonga. Jiko lake tulipiga dawa mpaka sakafuni. Kule Nkunga tulirudia lile shimo, tukaongeza chokaa, tukatia uzio. Nilisimama pale mpaka mwisho, na fomu ya siku hiyo ilikuwa ya kweli. Ile ya kwanza niliiacha kwenye jalada kama ilivyo. Hakuna aliyeniuliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tunavyowahubiria watu. Mimi kifo kilikuja na hakikuniumbua, kilimuumbua Atupele.

Kwa sababu majirani walikuwa wameona. Si ngozi, wala shimo, wala uongo wangu. Waliona mkamwana kamtolea baba mkwe uso, kamnyang'anya kofia. Maneno yakaenda. Gwakisa, ambaye naye sasa ni marehemu na sitaki kumchimbua, alisema hamjui binti huyo. Wazee wakakaa, wakaamua Atupele alete kuku wa kuomba radhi. Lusekelo alinitazama kikao kizima akingoja niseme neno. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema sababu iliyomleta, nitasema na mengine. Nikanyamaza. Kuku akaletwa, mweupe, mnono, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Nikampokea. Nikamla.

Siku niliyostaafu walinisomea risala. Walisema faili langu halina doa, nikapigiwa makofi, nikavishwa shada. Siku hizi nyinyi fomu mnajaza kwenye simu, mnapiga na picha mnatuma. Mwanzoni nilifurahi, nikasema afadhali, simu haina wakwe. Kisha nikaona picha zenu. Ni picha za udongo, wanangu. Shimo limeshajaa, kijana kasimama pembeni na koleo anatabasamu. Udongo uliojaa hausemi kilichomo. Pigeni picha mzoga ukiwa ndani ya shimo, ngozi inaonekana, na mpige wenyewe, msimpe simu mtoto wa mwenye ng'ombe. Na mkiona mnapewa chakula kizuri kabla shimo halijajaa, simameni nacho ukingoni mle mkiwa mmesimama. Watawaona washamba. Acha wawaone.

Baada ya nyinyi kuondoka barazani kwangu nilikwenda ofisini kuulizia lile jalada, nirekebishe mwenyewe kwa mkono wangu. Karani akanitafutia, kijana mwema. Akarudi na vumbi mikononi, akasema ya miaka ile yalikwisha kuliwa na mchwa. Nikatoka pale nikapita sokoni, nikanunua kuku mweupe, nikapanda bodaboda mpaka kwa mwanangu.

Lusekelo hakuwepo. Nilikohoa getini kama kawaida, nikasikia miguu ya mtu inaingia migombani. Miaka yote hii, baada ya yote yale, bado ananikimbia kwa heshima. Nikasimama uani na kuku kwapani.

"Atupele," nikaita. Sijawahi kumwita kwa jina lake. "Nimekurudishia kuku wako. Toka tuonane. Mwiko nimeuondoa mimi."

Kisha sauti, haitetemeki tena, sauti ya mtu mzima:

"Baba, mimi nilishakuja mbele yako. Wewe nenda mbele ya watu."

Nikamweka kuku chini, nikamfungua kamba, nikaondoka. Kwa hiyo wanangu, karatasi hizi nawatumia, lakini msimsomee mtu kabla ya mkutano wa kijiji pale Nkunga. Nimemwomba mwenyekiti nafasi, nitasoma mwenyewe, na miwani ninayo. Ikiwa mtakuja, njooni mapema. Nitaanza na mwisho, na hii ndiyo fomu yangu:

Ng'ombe wa Mzee Gwakisa alifukiwa bila ngozi. Alifukiwa nyuma yangu. Mbele yangu alisimama Atupele peke yake, akasema kweli, nami nikamfunika kwa kofia. Nimesaini.